Mbwa Aliyekuzwa Kama Kuku

Mjomba wangu aliitwa Wiki Sita, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alifuga kuku wa nyama. Mgeni akiingia kwake, kabla hajapewa kiti alikuwa ameshaambiwa kwamba vifaranga wa wafugaji wengine wanafika kwenye mizani kwa wiki nane, wa kwake kwa wiki sita. Aliwaambia wateja, aliwaambia mafundi waliokuja kuziba paa, alimwambia hata mtu aliyepotea njia akaulizia pa kupita. Watu wakachoka, wakambandika jina. Kwenye misiba walimpisha foleni ya kunawa mikono wakisema Wiki Sita apite, huyu ana haraka, naye alipita bila aibu.

Namsimulia mimi mpwa wake, mtoto wa dada yake, na namsimulia nikiwa na hasira. Anayetaka kusikia mjomba akisifiwa aende kwa wateja wake, watamsifu mpaka jioni. Mimi nitasema niliyoyaona.

Kazi yake aliijua, hilo sikatai. Banda lake lilikuwa refu, nyuma ya nyumba, maranda makavu, maji masafi, taa za joto zimening'inizwa kwa urefu unaotakiwa. Alimshika kuku mkononi akakutajia uzito wake, ukienda kwenye mizani unakuta ni ule ule. Tatizo ni kwamba kila kiumbe alikipima hivyo hivyo. Ukimpeleka mtoto mchanga kumsalimia, atamnyanyua mara mbili, kisha atauliza mnampa nini, mbona mwepesi. Wazee walipomwambia haraka haraka haina baraka, aliwajibu kwamba aliyesema hivyo hakuwahi kununua chakula cha kuku.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Kila mtu alimwita Mama Pindo, na mtoto wa jina hilo hakuwapo. Walimwita hivyo kwa sababu ya mapindo yake, mishono midogo iliyonyooka hivi kwamba ukigeuza gauni nje ndani huoni tofauti. Mimi nilimwita mama tu. Alikuwa na kibaraza alichopanga barabarani, mbele ya karakana ya seremala, kona moja kutoka nyumbani. Alikuwa akitoka asubuhi na mkasi mfukoni, anarudi jioni na habari za mtaa mzima: nani kanenepa, nani anaficha mimba, nani anashonesha suti na hana harusi.

Siku moja mchana, mjomba akiwa ameenda sokoni na kreti za kuku, vijana wawili waliruka ukuta. Mama Pindo alikuwa nyumbani siku hiyo, ana homa. Hawakumpiga sana. Walimsukuma kwenye stoo ya vyakula vya kuku wakafunga kwa nje, wakachukua walichotaka. Alikaa humo gizani, kwenye vumbi la pumba, akipiga mlango, mpaka mjomba aliporudi. Na mjomba alichelewa, kwa sababu siku hiyo bei ilikuwa nzuri.

Tangu hapo Mama Pindo hakuvuka geti. Mwanzoni alisema homa. Baadaye alisema jua, kisha mvua, kisha akaacha kutoa sababu. Wateja walimfuata nyumbani mmoja mmoja, lakini cherehani yake kubwa ilibaki kibarazani chini ya turubai, na mkono wake ulizoea ile. Mimi nilikuwa nikienda kumwona siku yangu ya mapumziko, namwambia twende nikusindikize, anacheka, ananiambia siku hiyo hakuna anayeshonesha nguo, nimchambulie mchele tu. Siku nyingine zote nilikuwa kazini. Nauza vyakula vya mifugo katika duka la mjini, mbali na nyumba yao.

Aliyeleta wazo la mbwa ni rafiki yake, muuguzi mstaafu aliyekuwa akifuga mbwa wa aina ile kubwa kabisa, wale ambao mtu akiwaona kwa mbali anadhani ni ndama. Mama Pindo alikuwa amemshonea mapazia ya nyumba nzima, na urafiki wao ulianzia hapo. Yule mama alimletea mtoto wa mbwa mikononi, wa rangi ya majivu, nyayo kama vifuniko vya sufuria. Akasema huyu akikua, ukitoka naye hakuna mtu atakayekusogelea. Mama Pindo akampa jina papo hapo. Alimwita Twende.

Muuguzi hakuja na mbwa peke yake. Alileta na mfuko wa chakula, akakaa kitako akatufundisha, mimi nikiwepo. Alisema mtoto wa mbwa mkubwa halishwi kama mtoto wa mbwa mwingine yeyote. Atafutiwe chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa, na kwenye mfuko kiwe kimeandikwa hivyo, maana kina mafuta kiasi na kalsiamu kiasi. Apimiwe kwa kikombe, mara tatu kwa siku, sahani iondolewe akimaliza. Asiongezewe unga wa mifupa, wala chokaa, wala maziwa ya unga, hata akionekana mwembamba. Mbavu zake zisihesabike kwa macho, lakini ukipapasa uzipate. Mifupa yake ni mirefu na bado laini, alisema, na mwili ukitangulia kuwa mzito, miguu itapinda. Aendelee hivyo mpaka apite mwaka na nusu.

"Usimharakishe," alimwambia Mama Pindo. "Ukubwa wake anao kwenye damu. Utakuja wenyewe."

Mjomba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akipangusa mikono. Hakusema kitu mbele ya mgeni. Adabu alikuwa nayo, haraka tu ndiyo ilimzidi.

Kesho yake alikuja dukani kwangu na ule mfuko begani. Akavaa miwani, akaomba mfuko wa chakula cha watoto wa mbwa wa kawaida, akaiweka miwili sambamba juu ya kaunta, akaanza kusoma maandishi ya nyuma kwa kidole. Kisha akacheka. Chakula cha mbwa mkubwa kilikuwa na mafuta pungufu. Kalsiamu pungufu pia. Aliniita nisome mwenyewe, asije akasingiziwa miwani. Mbwa mwenye mifupa ya ng'ombe apewe kalsiamu pungufu kuliko kijibwa cha kubebwa kwapani? Akasema hawa wenye viwanda wanatuona sisi wajinga, wanapunguza vitu halafu wanaandika mfuko kwa maandishi makubwa.

Nilimweleza nilivyojua. Nilimwambia mtoto wa mbwa akiwa mdogo tumbo lake halina uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi. Anayoletewa anaipokea yote, inaingia kwenye mifupa, mifupa inakua vibaya. Nilimwambia kulisha ovyo mbwa wa aina ile ni kumvunja. Alinisikiliza akitabasamu, kama mtu anavyomsikiliza mtoto akisoma shairi la shule.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe unauza mifuko. Mimi nafuga."

Akaagiza stata ya kuku, ile ya vifaranga, yenye nguvu kuliko zote, na unga wa mifupa juu yake. Nilikataa kumuuzia. Akavuka barabara, akanunua duka la pili, kisha akamwambia mwenye mkokoteni apite mbele ya mlango wangu ili nione.

Basi Twende akalishwa kama kuku. Asubuhi stata iliyochemshwa na utumbo na shingo za kuku, mchana hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo, sahani haiondolewi, na unga wa mifupa unanyunyizwa juu kwa kiganja. Mama Pindo alijaribu siku za mwanzo kumpimia kile chakula cha muuguzi. Mjomba alipomkuta alimwuliza kama anataka mbwa au anataka paka. Akamwambia yeye amefuga tangu hajamwoa. Mama Pindo akauweka mfuko stoo. Baadaye nilimwuliza kwa nini alikubali upesi hivyo, akaniambia alikuwa akihesabu kwamba mbwa akiwahi kukua, na yeye atawahi kutoka.

Na mbwa alikua, usiulize. Ngozi ilimbana, kifua kikapanuka, kichwa kikawa cha kuogopesha. Watu walikuja kumtazama. Mjomba alikuwa akimnyanyua mbele yao, mpaka ikafika siku akashindwa kumnyanyua, na siku hiyo alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Alipita dukani kuniambia. Aliniuliza yule muuguzi angesema nini sasa, na mimi na mifuko yangu tungesema nini.

Mama Pindo naye alianza. Asubuhi moja alifunga kamba shingoni kwa Twende akaenda naye mpaka getini, akasimama, akarudi. Siku zilizofuata akatoka nje ya geti, akagusa ukuta kwa upande wa barabara. Kisha akafika kwa fundi wa baiskeli. Alitembea akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili, macho chini, na watu waliompenda walijifanya hawamwoni ili asishtuke. Hatimaye akafika kibarazani. Seremala aliacha randa juu ya ubao akaja kumsaidia kuvuta turubai. Mama Pindo akapangusa cherehani, akatia mafuta, akakaa, akamshonea seremala mfuko wa koti uliokuwa umechanika, mbwa amelala miguuni pake. Halafu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nilipokwenda siku yangu ya mapumziko alinisimulia safari hiyo mara tatu, na kila mara aliongeza mtu aliyemsalimia. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Alikwenda tena, na tena. Wateja wakaanza kurudi. Mjomba akawa anasema mtaani kote kwamba dawa ya woga ni chakula.

Siku iliyoharibika ilikuwa siku ya kawaida tu. Walikuwa katikati ya njia, wametoka nyumbani hawajafika kibarazani, Twende akakaa chini. Mama Pindo akavuta kamba. Mbwa akajaribu kuinuka, miguu ya mbele ikafunguka kwa pembeni, akakaa tena, akalia kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Kumbe siku kadhaa alikuwa akiruka kwa miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura, na Mama Pindo alidhani anacheza. Sasa hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Mama Pindo akabaki amesimama barabarani peke yake, na mbwa mkubwa aliyekaa. Woga wote ukamrudia mara moja.

Seremala ndiye aliyemkuta. Mama Pindo alikuwa ameshika nguzo ya uzio kwa mikono yote miwili, kamba imemdondoka. Seremala alileta mkokoteni wa mbao, akampandisha mbwa, akasukuma. Mama Pindo akafuata nyuma ameshika ubao wa mkokoteni, mpaka ndani ya geti.

Mjomba alipoambiwa, alisema kalsiamu haijatosha. Akaongeza.

Alipoongeza, mbwa akazidi kupinda. Ukimtazama kwa mbele, vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba na vimeegemea nje, kiwiliwili kikubwa juu ya miguu iliyokataa kazi. Mimi mwenyewe nilimleta daktari wa mifugo, yule anayekuja dukani kwetu. Walimpeleka Twende akapigwa picha ya mifupa, wakarudi naye amelala kwenye gari. Daktari hakuwa mtu wa maneno makali. Aliuliza mbwa alikuwa akila nini, mjomba akamweleza yote kwa fahari kidogo, maana alidhani ataulizwa siri. Daktari akasema hakuna ugonjwa alioambukizwa huyu. Amekuzwa mbio kuliko mifupa yake, na kalsiamu aliyozidishiwa ndiyo iliyoharibu kilichobaki. Maumivu yatapunguzwa, uzito ushushwe, chakula kibadilishwe leo leo, lakini mbwa wa kutembea barabarani na mtu hatakuwa tena.

Habari ikaenea. Fundi wa baiskeli alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia basi methali hiyo imekosea hapa, kwa sababu aliyekataa kusikia ni mmoja, na aliyevunjika guu ni mwingine, na aliyebaki ndani ya nyumba ni wa tatu. Aliendelea kuziba pancha.

Mjomba alishinda siku mbili akiwa bandani. Siku ya tatu aliingia sebuleni, ambako Mama Pindo alikuwa amekaa sakafuni na mbwa, nami nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, mlango wazi. Alisema amewaza. Alisema hasara inakatwa mapema. Daktari ana sindano, mbwa hataumia, na yeye atamtafutia mwingine wa aina hiyo hiyo, naye safari hii ameshajua kosa liko wapi.

Mama Pindo alikuwa akipapasa mbavu za mbwa, akizitafuta chini ya mafuta. Hakuinua kichwa.

"Kosa liko wapi?" akauliza.

Mjomba akasema kalsiamu. Akasema stata.

"Mimi nimenyonyoa kuku wako miaka yote hii," akasema Mama Pindo. "Wiki ya mwisho wanalala kwa vifua. Miguu haiwabebi. Wanajiburuza kwenda kwenye maji. Hujawahi kuona, kwa sababu gari la sokoni linawahi kuja kuwachukua."

Mjomba alisema kuku ni kuku. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema yeye alitaka tu mbwa awahi kukua, kwa ajili ya mkewe, na kama alikosea alikosea kwa mapenzi. Hilo naliamini mpaka leo, na ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Halafu akauliza swali la mfugaji.

"Sasa mbwa asiyeweza kutembea atakuwa na kazi gani humu ndani?"

"Kazi kama yangu," akasema mkewe. "Na mimi sitembei. Unanilisha tu."

Nilifunga bomba la maji. Nje kuku walikuwa wakipiga kelele zao za jioni, wanataka chakula, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mjomba akiwasikia asiende. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alivua kofia, akaishika magotini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jambo jema, kwamba basi wasihangaike na mbwa tena. Atamsindikiza yeye mwenyewe. Kila asubuhi, mpaka kibarazani, na jioni atamfuata. Kuku wataangaliwa na mtu mwingine.

Mama Pindo akamtazama sasa. Hakuwa na hasira usoni, nami ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Nilikuomba," akasema. "Wiki ile ile waliyonifungia stoo nilikuomba unisindikize, siku tatu tu, mpaka nizoee. Uliniambia una vifaranga wapya."

Mjomba alifungua mdomo. Niliona anatafuta siku hiyo kichwani, anaitafuta kweli, na haipati. Hakukumbuka.

Kesho yake asubuhi alivaa viatu vya kutokea, akasimama getini akiwa amelifungua, akamsubiri. Alisimama pale mpaka jua likapanda, wapita njia wakimsalimia na kumwuliza leo Wiki Sita kulikoni, huna haraka. Mama Pindo alikuwa ndani akimlisha Twende kwa kikombe, na hakutoka.